Banda la elfu sitini, bili ya laki moja na themanini

Mwezi uliopita tulimtembelea mteja wetu mmoja huko Kilifi, mama anayekamua mafuta ya nazi. Kiwanda chake, kama anavyopenda kukiita, ni chumba kimoja na baraza nyuma ya nyumba: mashine ya kukuna, mashine ya kukamua, ndoo nyeupe zimepangwa ukutani, na wafanyakazi wanne wakiwemo binti zake wawili. Tulikuwa tumekwenda kumuuliza kuhusu till yake, inamfanyiaje kazi, shida iko wapi. Hayo yaliisha kwa dakika kumi. Saa mbili zilizobaki alitusomea daftari.

Daftari hilo ni la safari yake ya kwanza kwenye maonyesho ya biashara. Mwaka juzi alichukua banda kwenye maonyesho makubwa ya Nairobi, siku saba nzima, akarudi Kilifi na furaha yake. Simu ilikuwa imejaa meseji za malipo.

"Wanangu, mimi nilijua nimepata," akatuambia. "Wiki ya pili mwenye nazi akaja kudai chake. Nafungua simu, hakuna kitu. Nikakaa pale pale kwenye ngazi."

Alikopa ili alipe nazi. Mfanyakazi mmoja aliombwa asubiri mshahara mpaka mwezi ufuatao, na hakusubiri, akaenda kutafuta kazi kwingine. Na mpaka leo, anasema, hakuna aliyemwibia wala kumdanganya. Watu walinunua kweli, mafuta walisifu kweli. Kilichomwangusha ni hesabu ambayo hakuifanya kabla ya kulipia nafasi.

Ametukubalia tutumie hesabu zake, ila jina lake na jina la mafuta yake tuyaache. "Majirani watanicheka," alisema, huku yeye mwenyewe akicheka.

Tunaliandika hili kwa sababu maswali yenu yanatuonyesha kwamba wengi mnafikiria kuonyesha bidhaa mwaka huu. Maonyesho ya ASK huzunguka nchi karibu mwaka mzima: Eldoret huwa miezi ya kwanza ya mwaka, Nakuru katikati, Mombasa kwenye uwanja wa Mkomani karibu na Agosti na Septemba, na Nairobi pale Jamhuri Park mwishoni mwa Septemba kuingia Oktoba. Chama hicho cha kilimo kipo tangu 1901, lakini siku hizi ukipita kwenye mabanda huoni ng'ombe na mahindi peke yake. Kuna sabuni, viatu, paneli za sola, bima, na sisi watu wa malipo ya simu pia tupo. Ongeza maonyesho ya KICC, ya kaunti, na yale madogo ya wikendi kwenye maegesho ya maduka makubwa. Nafasi za kuonyesha zipo tele. Swali ni kama mfuko wako unaziweza.

Daftari lilisemaje

Mumewe alipomuuliza maonyesho yatagharimu ngapi, alijibu bila kusita: elfu sitini. Hiyo ndiyo bei aliyotajiwa ya nafasi ya mita tatu kwa tatu. Haya ndiyo aliyoyaandika baadaye, akiwa ameketi na risiti zake mezani:

Nafasi ya banda: KSh 60,000
Hema, meza, viti na umeme: KSh 18,500
Bango na vipeperushi: KSh 14,000
Kusafirisha mzigo kwenda na kurudi: KSh 16,000
Nauli za watu watatu, kwenda na kurudi: KSh 10,800
Malazi, vyumba viwili kwa siku nane: KSh 24,000
Chakula cha watu watatu: KSh 14,400
Matatu za kila siku na tiketi za kuingia: KSh 9,600
Chupa ndogo za kuonjesha na kupakwa bure: KSh 5,400
Kijana wa kusaidia mauzo: KSh 7,000

Jumla: KSh 179,700.

Bei hizi ni za daftari lake, zako zitakuwa tofauti. Lakini angalia umbo lake. Ile elfu sitini aliyoiita gharama ya maonyesho ni thuluthi moja tu ya bili. Thuluthi mbili zilizobaki hazikuja siku moja wala kwa mtu mmoja, ndiyo maana hazikumshtua. Zilikuja elfu mbili hapa, mia nane pale: fundi wa umeme, kamba za kufungia bango, maji ya kunywa, kijana wa mkokoteni aliyebeba katoni kutoka langoni.

Tulipokagua matumizi ya banda letu wenyewe, tuliona hadithi ileile. Mwaka mmoja tulipanga kila kitu isipokuwa umeme. Tulifika na skrini kubwa ya kuonyesha jinsi ya kulipa kwa simu, tukakuta umeme unaombwa na kulipiwa mapema, kwa fomu yake. Asubuhi nzima skrini yetu ilikuwa kioo cheusi, watu wakijitazama humo na kupita. Kwa hiyo siku hizi, mtu akitutajia bei ya nafasi, tunaizidisha mara tatu kwanza kichwani kabla ya kusema lolote. Si kanuni ya vitabuni. Ni njia ya kujitia hofu kidogo mapema.

Angalia nauli. Treni ya Mombasa kwenda Nairobi, daraja la kawaida, imekuwa KSh 1,500 tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Ukitumia bei uliyoikumbuka kutoka safari ya zamani, watu watatu kwenda na kurudi tayari wamekupungukia 3,000. Bei za kukumbuka ni hatari kwenye bajeti. Piga simu, uliza, andika tarehe uliyouliza.

Chupa moja kila dakika nne

Sasa upande wa mauzo. Alipeleka Nairobi chupa 600, akauza 318 kwa KSh 500 moja. Hiyo ni KSh 159,000. Ndiyo pesa aliyoiona kwenye simu, ndiyo iliyomfurahisha.

Lakini kila chupa inamgharimu yeye KSh 290 kuitengeneza, ukihesabu nazi, chupa tupu, lebo na kazi. Faida ya chupa moja ni 210. Zidisha kwa 318, unapata KSh 66,780. Weka karibu na gharama ya 179,700. Maonyesho yalimla KSh 112,920.

Hapa ndipo alipotufundisha sisi. Tulidhani tatizo lake ni kwamba hakuuza vya kutosha. Akatuambia tupige hesabu ya chupa zote 600. Tukapiga: 600 mara 210 ni 126,000. Hata angemaliza mzigo wote, hata chupa ya mwisho, angerudi na hasara ya zaidi ya elfu hamsini. Hasara ilikuwa imeshapakiwa kwenye gari pamoja na katoni kabla hajaondoka Kilifi.

Ili kurudisha pesa yake kwa mauzo ya mezani peke yake, alihitaji kuuza chupa 856. Kwa siku saba, hizo ni kama 123 kwa siku. Banda likiwa wazi saa tisa, ni chupa moja kila baada ya dakika nne na ushee, bila kupumzika, bila mvua, bila mteja wa kuuliza maswali nusu saa kisha akaenda "kufikiria". Hesabu hii inachukua dakika tano na simu yako ina kikokotoo. Ifanye kabla hujatuma arbuni: jumla ya gharama gawanya kwa faida ya kipande kimoja, kisha gawanya kwa siku, kisha kwa saa. Ukipata namba ambayo wewe mwenyewe ukiitazama unacheka, basi umeokoa pesa.

Na hapo hatujagusa kodi. Biashara yenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ikiwa iko kwenye kodi ya mauzo, hulipa asilimia 3 ya mauzo, na gharama hazipunguzwi. Kwa mauzo yale ya 159,000 hiyo ni KSh 4,770, maonyesho yawe yamekupa au yamekunyima. Anayelipa kodi kwenye faida yeye anaweza kutoa gharama zake, lakini tangu 1 Januari 2024 KRA inataka gharama hizo ziwe na ankara ya eTIMS. Kwa hiyo mwenye hema akikuandikia risiti kwenye kipande cha karatasi, muulize mapema kama anaweza kukupa ya eTIMS. Baada ya maonyesho hutampata kwa urahisi, hema lake litakuwa kwenye harusi nyingine.

Basi watu huenda kufanya nini?

Swali zuri. Kama kuuza mezani karibu kila mara hakurudishi gharama kwa kampuni ndogo, kwa nini kampuni zinakwenda?

Zinakwenda kutafuta watu watakaonunua tena baadaye. Mwenye saluni anayetaka katoni mbili kila mwezi. Duka la vyakula vya asili. Msambazaji wa Nakuru ambaye hungemjua kamwe. Chupa za mezani husaidia kulipia chakula na malazi. Oda za jumla ndizo hulipia banda.

Mama wa Kilifi alikutana na watu hao. Aliwahesabu: 43 walimuuliza bei ya jumla. Aliandika nambari zao nyuma ya vipeperushi, akaviweka kwenye katoni moja na chupa zilizobaki. Njiani chupa tatu zilivuja. Alipofungua katoni Kilifi, wino ulikuwa umeyeyuka ndani ya mafuta ya nazi, na zilizosomeka zilikuwa nambari tisa. Aliwapigia baada ya miezi miwili, alipokuwa ametulia kidogo kutoka kwenye madeni. Wengine walikuwa wameshapata mafuta kwingine, wengine hawakumkumbuka.

Kwetu sisi hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko ile ya 112,920, ingawa haimo kwenye daftari.

Kwa hiyo weka kwenye bajeti mtu mmoja ambaye kazi yake si kuuza. Kazi yake ni kuandika jina, nambari, mji, anachotaka na kiasi gani, kwenye kitabu kimoja chenye jalada gumu, na jioni kupiga picha kila ukurasa. Kama ni binti yako, sawa, lakini mhesabu kama mtu wa kulipwa na kulishwa. Weka pia vocha ya kupiga simu wiki ya kwanza baada ya kurudi. Mtu aliyekuuliza bei Jumatano bado anakukumbuka Jumatano inayofuata. Mwezi ukipita, bahati.

Jambo moja la sheria hapa, kwa sababu tunaliona likikosewa. Nambari ya mteja inayoonekana kwenye meseji ya malipo alikupa ili alipe, hakukupa ili umtumie matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka umuombe ruhusa. Mtu akiandika mwenyewe kwenye kitabu chako kwamba anataka kujulishwa, uko salama na yeye atafurahi ukimpigia.

Pesa ya maonyesho ikae peke yake

Ile 60,000 ya nafasi ilitoka wapi? Kwenye pesa ya nazi. Alijua ataipata tena kwa mauzo, na mwenye nazi angelipwa kabla hajakasirika. Malipo ya Nairobi nayo yaliingia kwenye laini yake ya kawaida, ileile ya chama, ya karo, ya kila kitu. Siku ya tatu shemeji aliomba 5,000, akatuma. Siku ya tano shule iliomba pesa za safari ya darasa, akatuma. Hakuna hata moja lililokuwa baya. Ila pesa ikishachanganyika, kila salio unaloliona linaonekana ni lako lote.

Tunachopendekeza, na tunakubali tuna maslahi hapa kwa kuwa ndiyo biashara yetu, ni mambo mawili. La kwanza, anza kuweka akiba ya maonyesho mapema, mahali tofauti na pesa ya kazi, kiasi kidogo kila wiki siku moja isiyobadilika. Ikifika tarehe ya kulipia nafasi na akiba haijatosha, hilo ni jibu. Subiri mwaka mwingine. Usigeukie mkopo wa simu wa siku 30 kulipia banda ambalo matunda yake, yakija, yatakuja baada ya miezi minne. La pili, malipo ya bandani yaingie kwenye till ya biashara, si kwenye laini yako. Kila jioni toa taarifa ya till, linganisha na chupa zilizotoka kwenye katoni. Zikipishana, utajua siku hiyohiyo, kijana wa mauzo bado yupo na kila mtu anakumbuka. Kijana huyo anaweza kuangalia malipo yakiingia. PIN hapewi. Hata akiwa mpwa wako, hapewi.

Kabla hujalipia nafasi

Matapeli wanaijua misimu ya maonyesho kuliko sisi. Anajitokeza mtu kwenye WhatsApp na ramani nzuri ya mabanda, anasema zimebaki nafasi mbili za pembeni, tuma nusu leo. Pesa inatumwa kwa laini ya mtu binafsi. Siku ya kupanga mabanda unafika langoni na jina lako halipo.

Tafuta nambari za waandalizi kwenye tovuti yao au ofisini kwao, usitumie ile iliyokuja na tangazo. Lipa kwa Paybill au akaunti ya benki ya shirika. Jina la anayepokea likitokea kwenye simu kabla hujathibitisha, lisome. Kama ni jina la mtu na si la waandalizi, simama hapo. Tunapokea simu za watu waliokwisha tuma, na mara nyingi pesa huwa zimeshatolewa kwa wakala dakika chache tu baadaye. Tunajaribu, lakini hatutakudanganya kwamba tunazirudisha zote.

Ukishahakikisha, omba kwa maandishi nini kimo ndani ya bei. Meza? Umeme? Tiketi ngapi za wafanyakazi? Ulinzi wa usiku? Siku ya kupanga na siku ya kubomoa? Na je, mnaweza kushirikiana wawili banda moja? Wengine wanaruhusu, wengine hapana.

Siku zenyewe

Mtandao hulemewa. Maelfu ya simu uwanja mmoja, mnara uleule. Ifanyie till yako majaribio siku ya kupanga banda, kwa kutuma shilingi kumi, na uwe na laini ya pili ya mtandao mwingine. Mteja ambaye intaneti yake imegoma anaweza bado kulipa kwa kubonyeza menyu ya kawaida bila programu, kwa hiyo andika nambari ya till kwa tarakimu kubwa. Mraba wa kuskani peke yake hautoshi.

Foleni ikiwa ndefu ndipo meseji feki hupita. Mtu anakuonyesha simu yake: "nimeshalipa, ona." Usisome simu yake. Soma yako. Meseji ya kwako haijaingia, chupa haitoki, na mwambie kwa upole kwamba ndivyo mlivyofundishwa. Mlaumu mwenye duka, mlaumu sisi, sawa tu.

Kisha kuna siku za shule. Mabasi yanashusha wanafunzi mia mbili kwa mpigo, banda linajaa, kila mkono unataka kitu cha bure. Mama wa Kilifi alimaliza sampuli zake nyingi siku kama hiyo asubuhi, na mchana walipokuja wenye saluni hakuwa na cha kuwapaka. Gawa sampuli kwa siku, weka za mchana kwenye boksi lake lililofungwa. Watoto wape maelezo, wanapenda pia kuona nazi ikikunwa.

Kuhusu kofia, kalamu na fulana za bure, tuna msimamo mkali kidogo, na tumeupata kwa pesa zetu. Mwaka fulani tuligawa kofia. Foleni ilizunguka hema. Jioni tulimuuliza kijana mmoja aliyevaa kofia yetu kampuni hii hufanya nini, akasema anadhani ni ya dawa za ng'ombe. Kampuni kubwa inaweza kumudu kichekesho kama hicho. Wewe wa chupa 600, pesa ya kofia iweke kwenye sampuli nzuri. Na mifuko ya kubebea iwe ya karatasi au kitambaa, ihesabiwe tangu mwanzo. Ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na hutaki mazungumzo hayo langoni.

Kwa wanaotazama ng'ambo ya mpaka: yapo maonyesho ya wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki, yaliyojulikana kwa miaka mingi kama Jua Kali Nguvu Kazi, yaliyoanza Arusha 1999 na ambayo huhama nchi hadi nchi. Ipo pia Sabasaba ya Dar es Salaam, inayoanza mwisho wa Juni. Ni fursa kweli. Lakini kama bado hujawahi kufunga hesabu ya maonyesho ya karibu na kwenu ukaielewa, mpaka utakuongezea ubadilishaji wa fedha, karatasi za forodha na siku za kusubiri. Hilo tutaliandikia makala yake.

Mkomani

Mwaka jana mama alirudi tena, safari hii kwenye maonyesho ya Mombasa. Tulimuuliza kwa nini. "Nyumbani nalala bure," akasema, na kwa kweli hiyo ndiyo nusu ya mkakati. Kutoka Kilifi hadi Nyali ni matatu ya asubuhi na matatu ya jioni. Malazi, sufuri. Mzigo ulikwenda kwa gari la jirani, KSh 6,000. Banda alishirikiana na mama mwingine anayeuza asali, kwa ruhusa ya waandalizi, na sehemu yake ikawa KSh 22,500. Bango la Nairobi lilikatwa tarehe, likashonwa upya. Kwa wiki 25 kabla ya hapo, kila Jumatatu, alikuwa ameweka KSh 3,000 pembeni. Zikawa 75,000, na akaapa kwamba zikiisha, anafunga banda.

Alitumia KSh 73,850. Kwa siku tano aliuza chupa 204, faida KSh 42,840. Ukiishia hapo, bado kuna hasara ya 31,010, na mtu wa kupita njia angesema hajajifunza kitu.

Lakini safari hii kulikuwa na kitabu, na binti yake mdogo alikuwa mwandishi. Majina 31. Wiki iliyofuata walipiga simu zote 31, mbili mbili kwa zamu kwa sababu binti ana aibu ya simu. Duka moja la Nyali lilianza kuchukua chupa 48 kila mwezi kwa bei ya jumla ya 420. Hapo faida yake ni 130 kwa chupa, KSh 6,240 kwa mwezi. Duka hilo peke yake liliziba lile shimo kwa miezi mitano. Mwenye saluni mmoja wa Bamburi alikuja baadaye, huchukua kidogo lakini hulipa siku hiyohiyo. Wengine wengi hawakununua kitu, na yeye hawalaumu.

Mwenye nazi alilipwa kwa tarehe yake.

Mwaka huu anakwenda Mkomani tena, na ameshaanza Jumatatu zake. Tulipokuwa tunaaga alitushika mlangoni na ombi moja: anataka nambari ya till ichapishwe kwenye aproni, kifuani na mgongoni, kwa sababu mwaka jana watu walipoziba meza, waliokuwa nyuma hawakuiona na wengine wakaondoka. Tulimuulizia kwa mchapishaji. Ni KSh 650 moja, na anataka tatu. Tulipompigia kumwambia bei, tulisikia kurasa za daftari zikifunuliwa upande wa pili.